Giaboksi ya manyuali inavuja: ujazie tu, uweke dawa, ubadili sili au ushushe boksi?

Sili ya giaboksi ni kipete tu cha mpira na bati, ukifumba mkono haionekani. Kinachokula hela na siku yako ni njia ya kuifikia. Naanza na hilo kwasababu wengi tunapima ukubwa wa tatizo kwa kuangalia doa chini ya gari, doa likiwa dogo tunasema bado bado, likiwa kubwa tunaanza kuulizia boksi nyingine, wakati cha kuangalia ni oili inatokea wapi. Doa la ukubwa wa kifuniko cha soda linaweza kuwa linatoka kule injini inapoungana na boksi na hapo kazi ni ya siku nzima, afu dimbwi la kutisha ukakuta ni washa ya nati ya kumwagia oili imechoka, dakika kumi umemaliza.

Njia zipo nne kuu: kujazia na kufuatilia, kuweka dawa ya kuzuia uvujaji, kubadili sili au washa bila kushusha boksi, na kushusha boksi lenyewe. Ya tano ni kuweka boksi nyingine, hiyo ntaigusa mwishoni kidogo.

Nitazipima kwa vigezo gani

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale matano. Inatibu uvujaji wa wapi hasa? Kazi yake ni kubwa kiasi gani na inataka vifaa gani? Inadumu? Ikifeli inakuponza vipi? Na inamfaa nani? Bei siwezi kukutajia maana inategemea gari na mahali ulipo, ila kwa ujumla kadri unavyoshuka kwenye orodha ndivyo vipuri vinavyobaki bei ndogo na ufundi unavyopanda.

Ila kwanza, inavuja wapi?

Hakikisha kwanza ni oili ya giaboksi kweli. Oili ya giya ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti, ukiisikia mara moja huisahau, inakaa na vidole hata ukinawa sabuni mara tatu. Ikiwa mpya ni rangi ya asali, ikizeeka inaenda kwenye kahawia. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi na haina hiyo harufu. Maji ya AC hayana rangi wala harufu, hayo achana nayo. Kuna kitu kingine kinachodanganya watu: klachi ya haidroliki inatumia oili ya breki, ile nyepesi, na silinda yake ya chini huwa imefungwa kwenye boksi au iko ndani kabisa karibu na klachi, ikivuja inadondokea palepale. Angalia kikopo chake juu, kama kinapungua basi giaboksi unaisingizia bure.

Angalizo: sio kila manyuali inatumia oili nzito ya giya. Zipo zinazotumia ATF, ile nyekundu ya otomatiki, na zipo zilizoandikiwa oili ya kawaida ya injini. Kitabu cha gari ndicho kinasema, usifuate rangi peke yake.

Ukishajua ni yenyewe, osha. Hapa ndipo watu wanaruka na ndipo wanapopotea, maana oili inashuka chini na upepo wa mwendo unaisukuma kurudi nyuma, kwahiyo boksi lote linakuwa limelowa na kila kona inaonekana kama ndio chanzo. Pulizia dawa ya kutoa grisi, sugua kwa brashi, suuza, kausha, halafu endesha nusu saa hivi, rudi uchungulie na tochi. Tafuta sehemu iliyolowa ambayo ipo juu zaidi na mbele zaidi kuliko zote, hapo ndipo au karibu na hapo. Kama bado huelewi, paka poda ile ya watoto pale unaposhuku, mstari wa oili utajichora wenyewe kwenye weupe. Na ipo rangi maalum unaichanganya kwenye oili, ukimulika na taa ya UV inang'aa kijani au njano, hiyo inasaidia sana pale uvujaji ukiwa wa taratibu au mahali pamejificha.

Ukiingia chini ya gari weka stendi, jeki peke yake usiiamini hata kwa sekunde moja, na acha ekzosi ipoe.

Sehemu zenyewe za kukagua ni hizi: pale draivu shafti zinapoingia kwenye boksi (gari za kuvuta mbele), mkia wa boksi pale propela shafti inapoingia (za kuvuta nyuma), nati za kumwagia na kujazia, swichi ya taa ya rivasi, sensa ya spidi na oringi yake, shafti ya kuchagulia giya, maungio ya boksi lenyewe, na sili ya shafti ya kuingilia ambayo ipo ndani kwenye nyumba ya klachi. Hiyo ya mwisho huwezi kuiona, unaona tu tone likitokea chini kabisa injini inapokutana na boksi. Na pale pale inadondokea oili ya sili ya nyuma ya krenki ya injini, ndio maana harufu na rangi ni muhimu.

Na kitundu cha kupumulia! Mi hiki kimenifundisha adabu. Nilibadili sili ya draivu shafti upande mmoja, siku ya tatu imelowa. Nikabadilisha tena nikidhani ya kwanza nilipewa feki, ikalowa tena, nikamlaumu muuza vipuri wa watu kumbe kitundu cha juu ya boksi kimejaa tope kavu gumu kama saruji. Boksi likipata moto hewa ya ndani inatanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye sili yoyote iliyo dhaifu. Kukizibua ilinichukua waya na dakika tano. Kwahiyo kabla ya njia yoyote hapa chini, kaangalie kitundu, na kaangalie kama kuna mtu alijaza oili kupita kiasi, maana nayo inatokea hapohapo juu na unadhani sili imekufa.

1. Kujazia na kufuatilia

*Inatibu nini:* Hakuna. Hii ni kununua muda, ila kununua muda sio ujinga kama unajua unachonunua. Kama boksi linatoka jasho tu, yani limelowa na limeshika vumbi lakini halidondoshi, unaweza kukaa hivyo muda mrefu sana.

*Kazi:* Ndogo. Boksi nyingi za manyuali hazina kijiti cha kupimia, unafungua nati ya kujazia iliyo ubavuni, gari likiwa limekaa levo pande zote nne (sio umelinyanyua mbele tu, utapima uongo), oili inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu. Ingiza kidole ukigusa umefika. Ikianza kumwagika yenyewe imetosha, acha idondoke hadi iishe ndio ufunge. Tatizo ni kuifikisha huko, nati iko pembeni na chupa haisimami, tumia bomba na pampu ndogo au mpira mrefu na faneli kutokea juu.

Kwenye aina ya oili usibahatishe. Oili mbili za 75W-90 (hiyo ni namba ya uzito wa oili) zinaweza kufanana namba zikatofautiana daraja, yani GL-4 au GL-5: GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya shinikizo kali, nzuri kwenye difu, ila kwenye boksi lenye sinkronaiza za shaba (vile vipete vinavyosaidia giya kuingia bila kukwaruza), GL-5 nyingi zinaweza kuzila taratibu. Kama kitabu kinasema GL-4 basi GL-4.

*Inadumu:* Mpaka siku utakayosahau.

*Ikifeli:* Boksi nyingi za magari madogo zinabeba lita mbili hivi tu. Maana yake nusu lita ikipotea ni robo ya oili yote, na hakuna taa ya dashibodi itakayokwambia. Kwenye gari nyingi za kuvuta mbele giya ya tano ipo mwisho kabisa wa boksi na juu juu, ndio inaanza kukosa oili, utasikia mlio wa kuvuma ukiwa haiwei, na ukishausikia mara nyingi beringi imeshaumia tayari.

*Inamfaa:* Mwenye uvujaji wa jasho, mwenye gari anayejua ataingia chini kila mwezi kweli, na anayesubiri siku klachi itakapoisha ili kazi zifanyike pamoja. Kama tone linaanguka kila ukipaki, hii sio yako.

2. Dawa ya kuzuia uvujaji

*Inatibu nini:* Sili ya mpira iliyokauka na kuwa ngumu kwa uzee, basi. Dawa nyingi zinafanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira kidogo ili mdomo wa sili ushike tena shafti. Haitibu sili iliyochanika, haitibu shafti iliyochimbika mfereji, haitibu washa ya shaba, haitibu silikoni iliyobanduka kwenye maungio, na ufa wa boksi ndio hauuoni kabisa. Watu wengi wanaosema dawa ni utapeli waliiweka mahali ambapo hakuna mpira wa kulainishwa.

*Kazi:* Rahisi kuliko zote, unajazia na oili. Ila punguza kwanza oili kidogo ili usizidishe levo, na chagua iliyoandikwa kwamba ni ya giaboksi ya manyuali. Zile zenye chembechembe za kuziba, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya rejeta, zisikaribie boksi.

*Inadumu:* Ikikubali, utaona tofauti baada ya siku kadhaa za kuendesha, sio asubuhi yake. Afu mpira uliovimba kwa dawa unaendelea kuchoka, baadae unaweza kulegea zaidi ya ulivyokuwa. Mi naichukulia kama kipoozeo.

*Ikifeli:* Mara nyingi unarudi tu pale ulipokuwa, ukiwa na chupa tupu. Hatari kubwa ni ya kichwani, unajiaminisha umetibu unaacha kupima levo.

*Inamfaa:* Gari la zamani lenye sili ngumu sehemu ya kushusha boksi, uvujaji mdogo, na mwenye gari hana mpango wa kukaa nalo miaka. Pia mtu anayetaka kufika mwezi ujao akiwa na bajeti.

3. Kubadili sili, oringi au washa bila kushusha boksi

*Inatibu nini:* Sehemu kubwa ya uvujaji ninaoukuta mimi upo hapa: draivu shafti, mkia wa propela, nati, swichi ya rivasi, sensa ya spidi, na kwenye gari nyingi hata shafti ya kuchagulia giya.

*Kazi:* Inatofautiana sana. Washa ya nati ni dakika. Swichi ya rivasi unaichomoa na kuirudisha na washa mpya. Sili ya draivu shafti ni nusu siku kwa asiyezoea: tairi linatoka, nati kubwa ya habu inalegezwa, boli jointi inaachia, shafti inachomolewa. Kwenye boksi zingine ukichomoa shafti zote mbili kwa pamoja giya za ndani za difu zinahama na kurudisha inakuwa vita, fanya upande mmoja mmoja kama huna uhakika. Kwenye propela, weka alama pale inapofungwa kabla hujaitoa ili irudi vilevile, la sivyo utapata mtetemo ambao haukuwepo.

Kanuni moja isiyo na msamaha: kabla hujamwaga oili, fungua kwanza nati ya KUJAZIA. Ikigoma au ikivunjika kichwa baada ya kumwaga, una gari lisilotembea.

Sili yenyewe ina vitu vinne vinavyoiua mapema, na nimeona mafundi wazuri tu wakivisahau. Upande wenye springi unaangalia ndani kwenye oili. Mdomo unapakwa oili kidogo kabla shafti haijaingia, mpira mkavu unaungua dakika za kwanza tu. Inagongwa kwa usawa, tumia soketi kubwa inayolingana na ukingo, ikiingia upande imeharibika hata kama kwa macho inaonekana sawa. Na cha nne, pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili unapokaa, ukisikia mfereji basi sili mpya itavuja kama ya zamani, hapo unaweza kuizamisha milimita moja mbili tofauti ili mdomo ushike sehemu mpya, kama nafasi ipo, au kuvalisha kile kikola chembamba cha chuma kinachofunika mfereji.

Kabla hujafunga, shika shafti uitikise. Ikicheza juu chini sana tatizo lako ni beringi au bushi, sili ilikuwa inalia tu kwa niaba.

*Inadumu:* Ikifungwa vizuri kwenye shafti safi, miaka.

*Ikifeli:* Unarudia kazi na unapoteza oili mpya, hasara inauma ila sio ya kuua gari, isipokuwa kama shafti haikuingia mpaka klipu yake ikabana. Vuta kwa mkono uhakikishe imeshika.

*Inamfaa:* Yeyote ambaye chanzo kimethibitishwa kiko nje. Na ukiwa na stendi mbili, spana ya toki na subira, hii ndio kazi ya kujifunzia nyumbani.

4. Kushusha boksi

*Inatibu nini:* Sili ya shafti ya kuingilia, silikoni ya maungio ya boksi, na kwa kuwa umeshafika, sili ya nyuma ya krenki. Boksi likishatoka soma ramani ya oili: kama upande wa flaiwili unaotazama injini ndio umelowa, krenki inahusika, kama bomba la beringi ya klachi na kava la klachi ndivyo vimelowa, basi ni boksi. Gari zingine sili ya kuingilia imewekwa kwa ndani na boksi linabidi lipasuliwe katikati, ulizia kabla ya kukubaliana muda.

*Kazi:* Kubwa. Boksi ni chuma cha kilo 30 hadi 50 hivi na linatakiwa liingie likiwa limenyooka sawasawa na klachi, usiliache lining'inie kwenye shafti maana linapinda diski. Jeki ya giaboksi au mtu wa pili mwenye nguvu na akili timamu. Gari nyingi ni siku moja ya fundi.

*Inadumu:* Ndio ya kudumu kuliko zote, ukibadili kila kilicho pembeni. Diski ya klachi iliyolowa oili haioshwi ikapona, petroli itatoa ya juu tu, ile iliyoingia kwenye laini (lile gamba la msuguano la diski) itarudi ikipata moto na klachi itateleza au kushtuka ukiiachia. Beringi ya klachi, na silinda ya haidroliki kama iko ndani, badilisha humohumo. Kusevu hapo ni kulipa ufundi uleule mara mbili.

*Ikifeli:* Inauma sana, unalishusha upya. Ndio maana hii njia haifanywi kwa kubahatisha, fanya vipimo vya harufu na rangi kwanza uwe na uhakika.

*Inamfaa:* Tone la kati ya injini na boksi likiambatana na klachi inayoteleza au kutetemeka, gari utakalokaa nalo, au klachi iliyobakiza muda mfupi.

Vipi kuhusu boksi nyingine?

Inaingia kwenye mjadala boksi likiwa na ufa, au uvujaji umechelewa mpaka beringi zinalia na giya zinakwaruza. Ufa mdogo wa alumini unaweza kuchomelewa na mtu anayejua alumini, epoksi ni ya kukufikisha nyumbani. Ukichukua boksi iliyotumika, hakikisha kodi yake (namba ya aina ya boksi) inalingana na ya boksi lako maana maboksi yanaweza kufanana nje na kuwa na uwiano tofauti wa giya ndani, mwaga oili yake uangalie vipande vya chuma (unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni kawaida, vipande vyenye kona sio kawaida), na badili sili zote likiwa bado mezani.

Sasa wewe upo wapi?

Kama boksi limelowa tu halidondoshi na levo haishuki, osha, jazia, rudi baada ya mwezi. Usimruhusu mtu akushushie boksi kwa ajili ya jasho.

Kama linadondosha na chanzo umekiona kwa nje, njia ya tatu, usipoteze hela ya dawa kwenye kitu kinachobadilishika kwa mchana mmoja.

Linadondosha katikati, klachi bado nzima, hela haipo: hapa ndipo dawa na kujazia vinaheshimika. Pima levo kila wiki mbili mwanzoni mpaka uijue kasi ya kupungua. Siku klachi ikianza kuteleza mjadala umeisha, njia ya nne.

Unauza gari? Rekebisha kilicho cha nje, na cha ndani mwambie mnunuzi, atakiona tu akiinama.

Una safari ndefu wiki hii na hujui chanzo, kitu cha kwanza ni levo. Jaza mpaka ukingoni, beba lita moja ya oili sahihi na bomba, pima ukifika katikati ya safari. Ila kama boksi linavuma tayari ukiwa giya ya tano na ukibadili kwenda ya nne mlio unakata, usiondoke, mwaga oili kwenye beseni safi kwanza uone nini kinatoka nayo.